Ubavu wa Kushoto

Msangano,
Jumanne, 2 Mei 2006

Mume wangu Baba Masumbuko,

Ile karatasi uliyompa kondakta wa basi ilifika kwa Amoni, dukani kwake Tunduma, na Amoni akaipandisha kwenye lori la mpunga, nami nimeipata leo ina vumbi lakini haijafunguliwa. Kumbe umefika Dar es Salaam, umepewa kitanda, na jirani yako ni mtu wa huku kwetu, huyo Gibson wa Mbozi mwenye mgongo. Nimefurahi. Nilikuwa naogopa utawekwa katikati ya watu usiowajua, halafu jicho lianze kuwakonyeza wauguzi.

Usinune, nakutania.

Huku ni wazima. Masumbuko ameota jino la chini na ananing'ata akinyonya. Nikimfinya pua anacheka, anarudia. Ng'ombe wako vizuri, Baba anawatoa mwenyewe. Mama anakusalimu, anasema ule hata kama chakula cha huko hakina mlenda.

Watu wananiuliza, hivi kweli mtu anakwenda kupasuliwa kichwa kwa sababu ya kukonyeza? Nawajibu lakini nachoka. Hawakuwepo mnadani siku dalali alipokutazama, jicho likafunga, akajua umekubali bei, akampaka yule dume chokaa mgongoni, basi ameuzwa. Hawakuwepo Tunduma siku yule mama wa Nakonde alipokupigia kelele mbele ya mumewe, na wewe kadiri unavyojieleza ndivyo shavu linavyozidi kuvuta. Na hawajui kwamba siku hizi jicho la kulia likifunga halifunguki haraka, kwamba ulikoswa na lori kwenye foleni ya mpakani hukuliona kabisa. Mimi najua. Mimi ndiye niliyelala nimekushika shavu kwa kiganja nikidhani nikilishika litachoka.

Sasa niandikie watafanya nini. Andika yote, usiruke kitu, maana nawasomea wote jioni, na Baba amesema neno lolote lisiachwe.

Mimi mkeo,
Nyanzobe


Dar es Salaam,
9 Mei 2006

Mama Masumbuko,

Nimepokea salamu zenu zote na za huyo mng'ataji. Mwambie anisubiri.

Umesema niandike yote. Daktari bingwa amenionyesha picha ya kichwa changu. Anasema nyuma ya sikio langu la kulia, ndani huko, kuna mshipa mdogo wa damu umelalia mshipa wa fahamu, ule unaoendesha uso. Kila moyo ukidunda, ule wa damu unaugonga mwenzake. Ukigongwa, uso unaruka. Kwa hiyo si mkono wa mtu wala si macho ya mtu. Wao watatoboa kitundu nyuma ya sikio, waingie, waitenganishe ile mishipa kwa kitu laini kama pamba, watoke.

Nikadhani kazi kubwa ni hiyo. Kumbe kazi kubwa nyingine ni kunilaza! Kuna muuguzi wa chumba cha upasuaji, Sista Faudhia, huyo kila asubuhi anakuja kunijaribu nikiwa macho, kwa sababu shingo yangu ni ngumu tangu yule fahali aliponirusha, na wanataka wajue inafika wapi kabla hawajanichoma sindano ya usingizi. Ananilaza kwa ubavu wa kushoto. Magoti nakunja, mto unakaa katikati yake. Bega la kulia linavutwa kuelekea miguuni, siku yenyewe watalifunga kwa plasta pana. Kisha kichwa: uso unaelekea chini kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka kando ya kitanda, na kidevu kinainama kifuani mpaka vibaki vidole viwili tu. Sista anaingiza vidole vyake hapo kupima. Vikipita vitatu anasema bado, kisipopita hata kimoja anasema nimezidisha, damu ya kichwani itakosa njia ya kurudi na ubongo utavimba. Halafu ananiuliza, mkono una ganzi? Shingo inauma wapi? Nikiwa nimelala usingizi sitaweza kusema, ndiyo maana ananiuliza sasa.

Nakaa hivyo mpaka Gibson ananiita mtoto aliye tumboni.

Hivyo ndivyo ilivyo. Sioni cha kuogopa sana.

Wako,
Josephat


Msangano,
16 Mei 2006

Baba Masumbuko,

Sijui nianzie wapi, nimechanganyikiwa.

Barua yako niliisoma jioni kama kawaida, Baba kwenye kigoda chake, Mama anachambua maharage, mimi nimekaa pembeni. Habari ya mishipa Baba aliipenda, alisema "eehe, kumbe," mara mbili. Nilipofika pale pa ubavu wa kushoto akamwambia Mama, "Arudie." Nikarudia. Nikaendelea na magoti. Nikaendelea na kidevu. Alipotosheka akasimama, akaenda zizini, na uji wake ukapoa.

Mama ndiye aliyeniambia. Mimi nimeolewa hapa nikiwa sijazika mtu wa ukoo huu, ningejuaje? Amesema katika ukoo wenu mwanamume akifa hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, na mwanamke kwa ubavu wa kushoto. Magoti yamekunjwa. Kidevu kimeinamishwa kifuani. Mume wangu, ni kama uliandika kaburi.

Wewe ulilijua hilo. Kwa nini uliandika kama vile hulijui? Au ulisahau? Au uliona nitaruka?

Leo asubuhi Baba, kwa kuwa hasemi na mkwewe uso kwa uso, amemtuma Mama aniambie nikuandikie hivi: "Huko si kulaza mgonjwa. Huko ni kuzika, tena ni kumzika mwanangu kama mke wa mtu. Wamlaze kulia au arudi."

Na mimi akili yangu haikutulia. Nikawaza, labda umekosea, labda kushoto ulikoandika ni kushoto kwa Sista anapokutazama, ambako kwako ni kulia. Nikamlaza Masumbuko kwenye ngozi nikajaribu, akadhani ni mchezo, akabiringika. Nikalala mwenyewe. Nikajiuliza, sikio bovu linakaa chini, kwenye mto, au linakaa juu? Kama ni mimi nina kidonda ningelalia upande mzima, basi kinakaa juu. Lakini mtu mwingine angesema kinakaa chini kipate kupumzika. Nimegeuka huku na huku mpaka Mama akaniuliza kama nina chango.

Tafadhali waulize. Huenda kuna njia ya kukulaza kulia, hawajaulizwa tu.

Mkeo,
Nyanzobe


Dar es Salaam,
22 Mei 2006

Mama Masumbuko,

Sikusahau. Siku ya kwanza Sista aliponilaza nilijua, jasho likanitoka, akadhani ni shingo. Niliandika haraka haraka nikiomba Baba asitambue. Ni ujinga, maana Baba ndiye amelaza watu wetu wote kaburini, tangu Shinyanga mpaka huko.

Nimeuliza. Nilimwambia Sista, "Hamwezi kunigeuza upande wa pili?" Akacheka. "Kaka Josephat, nikikulaza kulia sikio tunalolitaka litakuwa kwenye godoro. Daktari apitie chini ya kitanda kama fundi wa magari?" Wote wodini wakacheka. Akaona mimi sicheki, akakaa kitandani, akasema, "Kuna nini?" Nikamweleza. Hakucheka tena. Alifikiri, akasema angeweza kunipa kila kitu, mto zaidi, shuka zaidi, hata mchungaji au shehe aje aombe, lakini upande hawezi, upande umechaguliwa na ugonjwa wenyewe. Sikio bovu juu. Kwa hiyo ulivyowaza mara ya kwanza ndivyo ilivyo.

Gibson naye alisikia. Akasema kwao Mbozi wanalazwa chali wote, wake kwa waume, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nilimtupia ganda la chungwa.

Mke wangu, acha utani. Wamenipangia Alhamisi tarehe nane Juni. Daktari amesema hatari ipo, si kubwa lakini ipo, ni kichwa hiki. Mimi kufa naogopa kama watu wote. Lakini naogopa zaidi kufa nikiwa nimelazwa hivyo. Baba alituambia tangu wadogo, mtu aliyelazwa upande usio wake babu zake wanapita bila kumtambua. Sijui kama naamini. Mchana siamini.

Na nikirudi bila kupasuliwa, basi ni hili shavu mpaka mwisho. Jana lilivuta tangu chai mpaka chakula cha mchana, mate yakanitoka mbele za watu. Mwanangu atakua akijua baba yake ni yule anayekonyeza.

Karatasi ya kukubali iko chini ya mto, sijatia sahihi. Maneno ya Baba nimeyasikia. Ya Mama nitayajua hata asiposema. Wewe hujasema. Umeniuliza tu kulia na kushoto. Nataka neno lako wewe.

Josephat


Msangano,
29 Mei 2006

Baba Masumbuko,

Barua hii nimeisoma peke yangu kwanza, jikoni, halafu ndiyo nikawasomea. Pale pa mate nilipita kimya kimya, unisamehe, sikutaka Mama alie.

Nisikilize kilichotokea. Juzi mchana nilikuwa namnyonyesha mtoto nimelala, maana mgongo ulikuwa unauma kwa kuvuna. Nikajitazama. Nimelala kwa ubavu wa kushoto, magoti nimekunja kumzingira asidondoke, kidevu kimeinama kifuani namtazama anavyonyonya. Nikashtuka! Ni vile vile. Ni vile ulivyoandika, hata vidole viwili vilipita. Nikasema kumbe huku si kaburini tu, huku ni kunyonyesha! Nilimwacha mtoto na ziwa mdomoni nikapiga kelele, "Mama, njoo uone!"

Mama akaja, akaona, akapiga makofi. Akasema, "Hata Josephat nilimlea hivi." Jioni tukamweleza Baba, yaani Mama ndiye alimweleza, mimi niko nyuma ya mlango nimeshika pumzi. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Aliyelala kushoto alikuwa nani?"

Mama akasema, "Mimi."

"Na Josephat alikuwa anakutazama wewe, au amekupa kisogo?"

"Alikuwa ananitazama, si ananyonya?"

"Basi Josephat alilala kulia," Baba akasema. "Tangu siku hiyo alijua upande wake."

Mimi nyuma ya mlango nikajaribu kwa mikono yangu, huyu hapa mama, huyu hapa mtoto, nikaona mzee amesema kweli. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka.

Kwa hiyo sina la kusema la kumshinda. Nilidhani ninalo, limegeuka limekuwa lake. Lakini uliniuliza neno langu, na hukusema lazima liwe na sababu. Lala. Lala huo ubavu wanaoutaka, ukunje magoti, uinamishe kidevu, utie sahihi. Babu zako siwajui, pengine watapita pengine watasimama. Mimi nitakutambua ukiwa umelazwa hata kichwa chini miguu juu, na mwanao atakutambua.

Nimemwambia Baba kwamba nimekuandikia hivi. Nilimwambia mwenyewe, sikupitia kwa Mama. Nilisimama mbali, nikatazama chini, nikasema, "Baba, nimemwambia alale." Mpaka leo hajanijibu, wala hajanifukuza. Sijui amekubali au amekasirika.

Mkeo anayekungoja,
Nyanzobe


Msangano,
Alhamisi, 8 Juni 2006

Baba Masumbuko,

Nakuandikia jua linakaribia kuzama na sijui namwandikia mtu wa namna gani. Aliye macho au aliyelala, au vinginevyo, siandiki. Huku hakuna simu inayoshika, mpaka mtu apande Tunduma. Lakini lazima nikwambie ya leo, kabla hayajanichanganya kichwani.

Asubuhi Baba hakutoa ng'ombe. Tulidhani anaumwa. Akamwambia Mama, "Tandika ngozi uwanjani." Mama akatandika. Baba akavua viatu, akalala juu ya ngozi. Kwa ubavu wa kushoto.

Mama akabaki amesimama na ufagio. Baba akakunja magoti, akasema, "Kidevu kinakuwaje?" Mama hakumbuki, akaniita mimi niliye jikoni, "We Mama Masumbuko, vidole viwili au vitatu?" Nikajibu kwa sauti, "Viwili, Mama!" Mama akapiga magoti akaingiza vidole vyake kwenye kidevu cha mumewe. "Inama kidogo. Hapo. Umezidisha, rudi." Hivyo hivyo kama Sista wako. "Na bega," nikasema, "bega livutwe kuelekea miguuni." Mama akalivuta, mzee akaguna.

Akakaa hivyo. Watu wanapita njiani, wanaona. Jirani yetu Raphaeli akaja kuazima jembe la kukokotwa, akakuta mzee mzima amelala uwanjani kama kuku anayeatamia. Akasema, "Mzee Ndalahwa, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umelala hivyo?"

"Mwanangu amelala hivi leo."

Unamjua Raphaeli na mdomo wake, na mila zenu anazijua. Nikasema hapo itakuwa aibu ya mwaka. Midomo ikamcheza kweli. Halafu akavua kofia, akakaa chini karibu na ngozi, hakuuliza jembe tena. Wakakaa wawili, mmoja amelala, mmoja amekaa. Masumbuko akatambaa mpaka pale akamvuta babu yake sikio, babu yake hakusogea.

Alilala mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia na kumpita. Katikati hapo alikoroma, sisemi uongo. Alipoinuka mkono ulikuwa ganzi, Mama akausugua. Akanitazama mimi, akasema mwenyewe kwa mdomo wake, "Mwandikie. Akifa tutamlaza ubavu wake. Akiwa hai alale wanavyomlaza."

Ndiyo nakuandikia. Nakuomba uwe upande wa pili wa maneno hayo, ule wa mwisho.

Nyanzobe


Dar es Salaam,
14 Juni 2006

Shemeji Mama Masumbuko,

Hujambo na poleni na kungoja. Anayekuandikia ni Gibson wa kitanda cha jirani, mkulima wa kahawa, mgongo wangu unaendelea vizuri. Nakuandikia kwa sababu mwenyewe akiinua kichwa dunia inazunguka.

Neno la kwanza: yu hai. Lisome tena ukitaka.

Neno la pili ni kwamba hakupasuliwa Alhamisi. Siku hiyo alinyolewa nyuma ya sikio, akakaa na njaa tangu asubuhi, tukamwombea, tukaagana naye kabisa, halafu mgonjwa aliyetangulia kazi yake ikawa ndefu mpaka jioni. Akaletewa ugali na maharage, akala kwa hasira. Wakampasua Jumatatu, tarehe kumi na mbili.

Anatapika, lakini wanasema ni kawaida. Sikio la kulia linavuma kama mashine ya kukoboa. Na shemeji nisikufiche, shavu bado linacheza. Yeye leo amelia kwa hilo, akaniambia nisikuandikie, nami nimekuandikia. Daktari amesema tusiogope, mshipa uliogongwa miaka hausahau kwa siku moja, wengine hutulia baada ya wiki, wengine baada ya miezi. Mimi nimemwamini. Josephat hajaamua.

Barua yako ya kusema alale ilifika. Aliisoma Jumatano kabla ya ile Alhamisi, akatia sahihi pale pale, akaniomba kalamu yangu ambayo hajarudisha.

Ni mimi,
Gibson


Dar es Salaam,
27 Juni 2006

Mama Masumbuko,

Huu mwandiko unapanda na kushuka lakini ni wangu.

Shavu limetulia. Sijui nikueleze vipi, hata siku yenyewe nimeikosa. Nilikuwa nakunywa chai, nikamwona Gibson ananitazama kikombe kikiwa hewani. Nikamuuliza, "Nini?" Akasema, "Tangu umeamka." Tukaweka vikombe polepole kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Hiyo ilikuwa juzi. Jana liliruka mara moja nilipopiga chafya. Leo bado. Sikio linasikia kidogo, sauti za upande huo zinakuja kama za mtu aliye ndani ya kisima, na daktari hajui kama litarudi lote. Nimekubali. Sipigi shangwe, lakini nimekubali.

Uliniuliza rohoni, najua, ilikuwaje waliponigeuza. Sijui! Nilipanda kile kitanda nikalala chali, uso juu, kama watu wa Mbozi. Nikamwambia Sista Faudhia, mkinigeuza msiniambie. Akasema, "Tutakugeuza wote kwa pamoja, kichwa nitakishika mimi." Halafu sindano. Nilipoamka nilikuwa chali tena. Huo ubavu tuliougombania mwezi mzima, mimi mwenyewe sikuwepo.

Barua yako ya Alhamisi ilinifikia baadaye sana. Gibson alinisomea kwa sababu macho yalikuwa yanaona herufi mbili mbili. Alipofika pale Mama anapouliza viwili au vitatu alishindwa kuendelea kwa kucheka, na alipofika pa Raphaeli kuvua kofia alishindwa tena, si kwa kucheka.

Sasa nakuomba kitu. Baba asijue kwamba ilikuwa Jumatatu. Mzee wa umri ule, amelala uwanjani watu wanapita, na mimi siku hiyo nimekaa kitandani nakula maharage. Mwache ajue Alhamisi. Alhamisi inatosha.

Wananiruhusu baada ya wiki mbili wakishanitazama kidonda.

Wako,
Josephat


Msangano,
4 Julai 2006

Mume wangu, Baba Masumbuko,

Shavu limetulia! Nimekimbia na barua mpaka mtoni kwa Mama nikiwa na kiatu kimoja. Tumeruka wote, Masumbuko mgongoni kwangu akadhani amefanya yeye, akacheka na meno yake mawili.

Lakini ombi lako limechelewa. Barua ya Gibson niliwasomea yote siku ilipofika, tangu lini naruka? Niliruka mate tu. Nilipotamka Jumatatu ndipo nikasikia nilichotamka. Baba akasema, "Kwa hiyo Alhamisi nililala bure."

Mama akamjibu, "Hukulala bure, ulikoroma."

Hakucheka. Akauliza, "Jumatatu nilikuwa wapi?" Tangu hapo alikuwa anakula nusu sahani.

Basi leo asubuhi nikiwa napepeta mchele, nikaona kivuli mlangoni. Baba. Unajua hajawahi kukanyaga jikoni kwangu tangu nimeolewa, na hata leo hakuingia, alisimama nje amenipa mgongo kama anatazama ng'ombe. Akasema, "Unamwandikia leo?"

"Ndiyo, Baba."

"Mwandikie kwamba Jumatatu pia nililala."

Ungo ukanisimama mkononi. Akasema, "Mwambie sikujua ni siku gani, ila mwili ulikataa kuamka, nikalala vile vile. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Akaenda na ng'ombe wake.

Kwa hiyo nakuandikia kama alivyonituma: Jumatatu pia Baba alilala, kwa ubavu ule ule. Na mimi mkeo nakuandikia kwamba hakulala. Jumatatu alikuwa mnadani tangu asubuhi, akauza mtamba, akarudi na kofia mpya anacheka njia nzima, na hiyo kofia hajaivaa tena tangu barua ya Gibson. Wewe unanituma nimfiche yeye, yeye ananituma nikufiche wewe, na mimi niko katikati na kalamu, nimechanganyikiwa nisijue nani nimtii. Nimeandika yote mawili.

Ukifika usimuulize kitu. Mshukuru kwa siku zote mbili.

Mkeo,
Nyanzobe